Bei ya Dereva

(Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma mbele ya wenyeji na Wakongo wanaoishi Tanzania)

Mwenyekiti, wazee wa mji huu, mama zangu, na ndugu zangu mliopata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuja kutusikiliza: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Wenyeji, mwakeye.

Waliotangulia kuzungumza ni wasomi, na mmesikia walivyoyapanga mambo. Mimi ni dereva wa Fuso. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutoa maharage na viazi mji wa Kiwanja, kule Kivu Kaskazini, kupeleka Goma, na kupandisha saruji, chumvi na sabuni hadi Kanyabayonga na Butembo. Nilipopigiwa simu nizungumzie maisha katika nchi yenye utekaji, nilimwambia mwenyekiti kwamba mimi nitazungumzia barabara, maana siasa za Kongo nimezionea barabarani. Akasema sawa. Kwa hiyo asinilaumu.

Anayeijua barabara ya taifa namba 2 anajua kwamba hofu yenyewe haianzi Goma. Unapanda Kibumba, unapita Rugari, unapita Rumangabo kwenye makao makuu ya hifadhi ya Virunga, na baada ya kilomita kama 70 uko Rutshuru, halafu Kiwanja. Kiwanja ndipo tulipokuwa tunalala. Mbele yake kuna tambarare ya hifadhi, nyasi zinazomficha mtu aliyesimama wima, hakuna nyumba wala duka, hadi upite Mabenga na Rwindi ndipo uanze kuupanda mlima wa Kanyabayonga. Kipande hicho mtu hakuwa akikipita peke yake. Magari yalikuwa yakipanga foleni asubuhi yakisubiri msafara wa wanajeshi, pikapu moja mbele, nyingine nyuma. Sasa chukua malori yaliyojazwa kupita kiasi, uyaweke kwenye barabara ya mashimo. La kwanza linafika Rwindi, la mwisho bado linahangaika na Mabenga. Ukipata pancha hapo katikati, pikapu ya nyuma inakusubiri kidogo, kisha askari anakuambia kwa upole tu: dereva, sisi tunaenda. Unabaki wewe, utingo na gogo lake la kuzuia tairi, na akina mama walioketi juu ya mzigo.

Hapo ndipo watekaji walipomchukua kijana wangu wa kazi, utingo wangu. Jina lake silitaji. Yuko hai, ana mke, na habari hii haipendi. Watu walitoka kwenye nyasi, baadhi wamevaa sare za jeshi lakini miguuni ndala. Hawakupiga risasi hata moja. Walitupitia mmoja mmoja kwa macho kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Mimi wakaniona mzee, tena nilikuwa na kikohozi, nitawafia njiani. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, wakamruka. Wakamchukua utingo kwa sababu ana miguu ya kutembea usiku kucha, na mfanyabiashara mmoja wa vitunguu kwa sababu viatu vyake vilikuwa vipya.

Simu ilikuja kesho yake jioni, kwa namba ya kijana mwenyewe. Mtekaji hupenda kutumia simu ya mateka, maana humo mna majina yote anayoyahitaji: Mama, Kaka Mkubwa, Patron, yaani bosi. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye adabu. "Mzee, habari ya jioni. Mtoto wako tuko naye hapa, anakula vizuri. Tunaomba dola elfu tano." Nikamwambia huyo ni utingo, na pato lake nalijua kwa sababu ninayemlipa ni mimi. Akacheka. Akasema basi mpelekee tajiri wako ujumbe. Nikasikia fimbo, kisha nikamsikia kijana. Simu ikakatwa, ikazimwa mpaka asubuhi. Wanajua kwamba ukimya wa usiku mmoja unapandisha bei kuliko maneno yoyote.

Siku zilizofuata sitawachosha nazo. Bei ilishuka hadi dola mia sita. Tajiri alitoa kidogo, kanisa likapitisha kikapu baada ya ibada, mama yake kijana akauza kipande cha shamba kwa jirani kwa nusu ya thamani. Jirani hakuwa mtu mbaya. Kila mtu akishajua kwa nini unauza, shamba haliwezi kuwa na bei nyingine. Pesa nyingine tulizituma kwa simu, nyingine zilibebwa na mama muuza unga chini ya beseni lake hadi mahali alipoelekezwa. Kijana akarudi miguu imevimba. Yule wa vitunguu, ambaye ndugu zake walikuwa na uwezo, alikaa porini muda mrefu zaidi. Kule ukionekana una kitu, unakaa.

Nasimulia haya ili tuelewane kwamba ile ni biashara yenye mtaji, mawakala na bei zake. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu mwaka 2015 watu wasiopungua 175 waliotekwa kwa ajili ya fidia mashariki mwa Kongo, na Rutshuru yetu imo. Baadaye wafuatiliaji wa usalama wa Kivu walihesabu zaidi ya watu 3,300 waliotekwa katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini kati ya Juni 2017 na Juni 2019. Hao ndio waliofikiwa na kalamu. Kijana wangu hayumo, maana hakuna aliyekuja kutuuliza.

Na kabla hujatekwa, unalipa ili usitekwe. Kuna mchango unaitwa lala salama. Waasi wa FDLR, wale wa asili ya Rwanda, waliutoza, vikundi vingine vikaiga: kila kaya inatoa pesa au debe la maharage, ili usiku mlango wake usigongwe. Kuna jetoni, kikaratasi unachonunua ili ufike kwenye shamba ulilorithi kwa babu yako. Ukikutwa shambani bila jetoni, shauri yako. Na kuna vizuizi vya barabarani. Mwaka 2017 watafiti walivihesabu katika Kivu hizo mbili wakapata karibu 800. Sisi madereva tuliposikia tulishangaa kwamba ni vichache hivyo.

Mtaniuliza, sasa siasa iko wapi? Utekaji wa siasa si ule wa kiongozi wa upinzani, mwandishi wa habari, mtu mkubwa?

Wasomi wanisamehe, lakini mimi naona ni kazi moja. Mmoja anatekwa ili ndugu zake walipe, mwingine ili wenzake wanyamaze. Vyote viwili vinawezekana kwa sababu moja: nyayo zipo na hakuna anayezifuata. Tulipotuma zile pesa kwa simu, zilipokelewa na namba, na namba ilikuwa na jina. Jina lilitokea kwenye ujumbe wa kuthibitisha muamala. Nikaliandika kwenye daftari langu la mizigo, nikalipeleka kwenye ofisi moja ya serikali. Afisa akanisikiliza, akaandika, akaniomba pesa ya karatasi. Hadi naondoka Kongo sikuwahi kuitwa. Kwetu laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Mtu anadai fidia kwa namba iliyosajiliwa, anapokea kwa namba iliyosajiliwa, anatoa pesa kwa wakala mwenye kibanda barabarani mchana kweupe. Kumpata hakuhitaji ndege isiyo na rubani. Kunahitaji mtu mwenye cheo ambaye mgawo haumfikii.

Wakubwa nao hufa kwa njia hiyohiyo, na mimi nikisikia habari zao naanza na swali la kazini kwangu: dereva yuko wapi?

Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, kiongozi wa shirika la Sauti ya Wasio na Sauti, aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakukutwa. Kesi ilikwenda ikarudi, na mwaka 2022 mahakama kuu ya kijeshi ilimhukumu kifo afisa mmoja wa polisi. Familia ya Chebeya ilizika. Familia ya Bazana ilisikiliza hukumu bila kuwa na kaburi.

Machi 2017, kule Kasai, wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Zaida Catalán na Michael Sharp, walichukuliwa wakauawa. Dunia nzima ilitikisika, na ilistahili kutikisika. Miili yao ilipatikana mwezi huohuo. Lakini walikwenda na mkalimani, Betu Tshintela, na madereva watatu wa pikipiki. Hao wanne walipotelea hukohuko. Tafuteni majina ya wale watatu wa pikipiki muone mtahangaika kiasi gani.

Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, mahali tunapopaita Trois Antennes, balozi wa Italia Luca Attanasio alishambuliwa na watu ambao, ilivyoelezwa, walitaka kumteka kwa fidia. Alikufa yeye, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mustapha Milambo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mahali pale napajua kwa kila shimo. Mwaka 2023 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu sita kifungo cha maisha. Kwa hiyo inawezekana! Kumbe polisi wetu wakitaka wanajua kutafuta. Nawauliza tu ingekuwaje kama siku ile Milambo angekuwa peke yake kwenye gari.

Ninyi wa Kigoma msidhani habari hii ni ya ng'ambo ya ziwa. Wazee waliomo humu watakumbuka Mei 1975, watu wenye silaha walipovuka usiku kwa mitumbwi hadi Gombe, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe, wakachukua wanafunzi wanne wa kigeni, wakawavusha hadi milima ya Fizi upande wa Kongo. Walikuwa watu wa PRP, chama cha waasi cha Laurent-Désiré Kabila. Fidia ilidaiwa, mazungumzo yakachukua wiki nyingi, na wanafunzi wote wakaachiwa wakiwa hai. Miaka 22 baadaye, Mei 1997, Kabila akaapishwa kuwa rais wa Kongo. Simsemi marehemu kwa mengine, alimwondoa Mobutu na watu walishangilia, hata mimi nilipiga honi. Lakini kijana aliyekuwa porini na bunduki aliiona ile njia ya kutoka Gombe hadi ikulu akajifunza kitu. Tangu hapo kila mwenye kikundi chake anaamini kwamba siku moja ataitwa mezani, na mateka ni sehemu ya anachokuja nacho mezani. Tumeyaona hadi Doha: mwaka 2025 serikali na waasi wa M23 walipokaa kuzungumza, jambo lililokwamisha mara kwa mara lilikuwa nani amwachie nani, wafungwa wangapi, lini.

Na mwenye serikali naye hajajizuia. Machi 2015 Fred Bauma na Yves Makwambamba, vijana wa harakati za amani, Bauma akiwa wa harakati ya LUCHA iliyozaliwa palepale Goma, walikamatwa Kinshasa pamoja na wenzao kwenye mkutano wa kuzindua harakati nyingine ya vijana, Filimbi. Kosa lao lilikuwa kuwafundisha vijana kuuliza maswali kabla ya uchaguzi. Idara ya ujasusi iliwashikilia kwa wiki nyingi bila wakili wala ndugu kuwaona. Mtu akichukuliwa na watu wasiojitambulisha, akawekwa mahali pasipojulikana, mama yake anaupataje usingizi kwa kuambiwa kwamba hawa wana mshahara wa serikali? Walitoka Agosti 2016. Kisha Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri, wakatuambia ni ya muda mfupi. Raia akaanza kushtakiwa mahakama ya kijeshi, na kwenye msafara wa Mabenga bei haikushuka.

Goma ilipoingia mikononi mwa M23, Januari 2025, baadhi yetu walisema angalau sasa ni mkono mmoja, barabara itatulia. Na kweli, vizuizi vingine viliondoka, sitadanganya. Lakini usiku wa tarehe 28 Februari wapiganaji waliingia katika hospitali mbili, CBCA Ndosho na Heal Africa, wakaondoka na wagonjwa na majeruhi wanaume wasiopungua 130, wakiwashuku kuwa askari wa serikali au Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu hiyo. Mtu ametundikiwa dripu, anachukuliwa. Nilimpigia jamaa yangu mmoja anayeishi Ndosho nikamuuliza hali. Akajibu, "Mvua inanyesha sana huku." Anga la Goma siku hiyo lilikuwa jeupe, nimethibitisha kwa mwingine. Simu zetu sasa zinaendeshwa hivyo.

Hayo ndiyo maisha mliyoniomba niyaeleze. Risasi husikii kila siku. Unachokiona ni mtu aliyekuwa na pesa ya kupaka nyumba rangi anaiacha bila rangi. Mwenye pikipiki mpya anaipaka tope. Sisi madereva tulikuwa tunafuta majina kwenye simu, Mama tunaandika Fundi Viatu, na salio tunaliacha sifuri kabla ya kuvuka Mabenga. Picha za harusi, futa. Agronomu, yaani bwana shamba, anavua fulana ya mradi na kuvaa ya timu ya mpira. Mashamba ya mbali yanaota magugu na Goma unga unapanda bei, halafu mtu wa redio anasema ni mabadiliko ya tabianchi.

Kibaya kuliko vyote ni swali linalofuata kila utekaji: nani aliyemuuza? Maana ni kweli, mara nyingi kuna aliyemuuza. Mtu aliyepiga simu kusema gari fulani limebeba tajiri wa vitunguu. Kwa kuwa serikali haimtafuti, kijiji kinamtafuta chenyewe, na kijiji hakina ushahidi, kina kabila. Nimeona kijana akipigwa mawe sokoni kwa sababu ya lafudhi yake. Baadaye ikasemekana siye. Wale waliompiga leo ukiwauliza hawakuwepo.

Nimefika mahali pa kuwaambia la kufanya, maana simu hizi zinawafikia hata ninyi. Mtekaji akigundua mateka ana shangazi Kigoma au mjomba Marekani, bei inapanda mara tatu. Ikikufikia, chagueni mtu mmoja wa kuzungumza, asiyelia haraka, wengine wote wakae kimya. Aombe kumsikia mateka mwenyewe, amuulize jambo la nyumbani ambalo mgeni halijui, jina la ng'ombe, jina la mwalimu wa darasa la kwanza, kwa sababu kuna matapeli wanaopiga simu kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Msikubali bei ya kwanza. Anayekubali haraka anaambiwa hiyo ilikuwa ya chakula tu. Sauti ya kilio msiitume kwenye kundi la WhatsApp. Kufika jioni itakuwa imerudi kwa watekaji, nao watajua mmeshikwa wapi. Na kila namba, kila saa, kila jina la muamala, andikeni kwenye karatasi, siyo kwenye simu.

Najua kuna wanaosema fidia isilipwe kabisa, kwamba kila dola inanunua risasi ya kumteka mwingine. Hesabu yao ni sahihi. Lakini ni hesabu ya mtu ambaye hajasikia ile fimbo kwenye simu. Mimi nililipa, na ikinikuta tena nitalipa. Ninachokataa ni kulipa halafu kunyamaza. Familia ikishampata mtu wake inafunga mlango, inashukuru Mungu, inaogopa kisasi, na lile jina la kwenye ujumbe wa muamala linaendelea kupokea pesa za wengine. Kuna wanasheria Goma, Bukavu na Beni, kuna mapadri na wachungaji, kuna vijana wa LUCHA, wanaopokea taarifa hizi bila kulitaja jina lako. Jina moja halifungui kesi. Jina lilelile likitoka kwa familia kumi, hata afisa wa pesa ya karatasi ataanza kuogopa.

Na kwenu ndugu zangu wa Nyarugusu ambao mtu wenu hakurudi kabisa, naomba niseme polepole. Mapadri watatu wa parokia ya Mbau, karibu na Beni, walichukuliwa Oktoba 2012. Kanisa zima na vyombo vyake vyote lilitafuta, na miaka ikapita bila wao kurudi nyumbani. Ikiwa wao hawakurudi, usijione mjinga kwa kutompata mdogo wako. Lakini andikisha jina lake. Msalaba Mwekundu pale kambini wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana. Nenda na jina lake kamili, jina la baba, jina la mama, kijiji, tarehe aliyoonekana mwisho na nguo aliyovaa. Wengi wenu mnakwepa kwa sababu mnaona kuandikisha ni kukiri kwamba amekufa. Sivyo. Fomu haiulizi hivyo, mimi nimeijaza kwa ajili ya shemeji yangu, inauliza alionekana wapi mara ya mwisho.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna dereva mwenzangu nje anayetakiwa kuwarejesha watu Kasulu kabla kibali hakijaisha, na huyo simcheleweshi. Kwa hiyo wa Nyarugusu waulize kwanza. Mama mwenye kitenge cha njano, nilikuona umenyoosha mkono nilipotaja Fizi.